Kuongeza CC za Injini: Chuma Kikishachongwa



Juma hili nataka tuzungumze habari za injini ndogo za magari, na hasa desturi ya kuziongeza ukubwa pale zinapofunguliwa kutengenezwa upya. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi. Lakini fundi siye anayelipa. Anayelipa ni wewe mwenye gari la nyumbani, au mwenye teksi moja inayosomesha watoto. Na mara nyingi swali hukukuta umesimama mlangoni mwa gereji, injini yako iko chini vipande vipande, na fundi anafuta mikono kwa kitambaa huku akikuuliza: "Mzee, tuchonge saizi gani? Tukiweka pistoni kubwa kabisa gari litapata nguvu."

Swali hilo linataka jibu lenye hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Kwanza tuelewane maana ya CC. Fikiria pampu ya kujazia upepo baiskeli. Upepo unaoingia kila unapoivuta hutegemea mambo mawili tu: upana wa bomba, na urefu wa safari ya mpini. Silinda ya injini ni vivyo hivyo. Upana wake huitwa kipenyo. Safari ya pistoni kutoka chini hadi juu huitwa mwendo. Chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.7854, zidisha kwa mwendo, kisha zidisha kwa idadi ya silinda. Jibu utakalopata ni sentimita za ujazo, yaani CC.

Tuchukue injini ambayo wengi wetu tuliiona ikifunguliwa chini ya miembe: Toyota 3K, iliyofungwa katika Corolla 1200 za miaka ya 1970. Kipenyo chake ni milimita 75, mwendo wake milimita 66, silinda nne. Piga hesabu hiyo nawe utapata CC 1166. Waliobandika jina la 1200 walikuwa wamekaribisha tu hesabu.

Sasa turudi kwa fundi na pistoni zake kubwa. Pistoni za kutengenezea injini huuzwa kwa saizi zinazopanda hatua kwa hatua: ile ya kiwandani, ambayo mafundi huiita standadi, halafu iliyozidi kwa robo milimita, kisha nusu milimita, robo tatu, na milimita moja. Hizo ndizo wanazoziita ovasaizi. Ukiichonga 3K kwa nusu milimita, kipenyo kinakuwa 75.50 na injini inafika CC 1182. Umeongeza CC 16. Ukienda moja kwa moja milimita nzima, kipenyo kinakuwa 76 na injini inafika CC 1198 hivi. Umeongeza CC 31.

CC 31 ni kiasi gani? Ni vijiko viwili vya chakula vya maji, vikigawanywa kwa silinda nne. Kwa mia ni chini ya tatu. Hata kama nguvu nayo itaongezeka kwa kiwango hicho hicho, hakuna dereva atakayeitambua kwa mguu wake. Nguvu atakayoisikia akitoka gereji ni ile iliyokuwa imepotea kwa sababu ya ringi zilizochoka, valvu zisizofunga vizuri na kompresheni iliyovuja. Imerudi kwa sababu injini imetengenezwa. Ingerudi vilevile kwa pistoni ya nusu milimita, au hata ya robo, kama hiyo ingetosha kuondoa uchakavu.

Basi kwa nini tunachonga silinda? Tunachonga kwa sababu silinda hailiki sawasawa. Sehemu inayolika zaidi ni ile ya karibu na juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, ambako joto ni kali, shinikizo ni kubwa na oili ni haba. Tena hailiki kwa mviringo. Konrodi inapoinama huisukuma pistoni ubavuni, hivyo ukuta wa upande mmoja huumia kuliko mwingine. Baada ya miaka mingi unakuwa na silinda iliyo pana juu na nyembamba chini, na ukiikata kwa mawazo yako utaona umbo la yai badala ya duara. Ringi mpya ukiitia humo haiwezi kuziba. Oili itapanda juu, moshi wa buluu utatoka nyuma, na baada ya miezi michache utarudi pale pale.

Kuchonga, kwa hiyo, ni dawa ya kurudisha duara. Ukubwa unaoongezeka ni matokeo tu ya dawa hiyo.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Bloki ya chuma ina ukuta wenye unene maalumu, na nyuma ya ukuta huo yapo maji ya kupoza. Kila uchongaji hula sehemu ya unene huo. Kwa bloki ambayo mwisho wake ni milimita moja, mtu mwangalifu anaweza kuitengeneza kwa nusu milimita leo, akaitumia miaka mingi, kisha akaitengeneza tena kwa milimita moja. Mtu aliyekimbilia milimita moja siku ya kwanza amekula akiba yote kwa mara moja, na faida yake ni vile vijiko viwili vya maji. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wazee wetu, na chuma kilichogeuka unga kwenye sakafu ya karakana hakizoleki vilevile.

Njia ya kurudi nyuma ipo moja, nayo ni kuvalisha slivu. Silinda huchongwa kuwa pana zaidi, bomba jipya la chuma likashindiliwa ndani, halafu bomba hilo likachongwa mpaka saizi ya kiwandani. Ni kazi nzuri ikifanywa na mtu anayeijua, lakini ni gharama ya juu, na slivu isiyokaa sawasawa huhama au huvujisha maji. Usiitie injini yako katika haja hiyo kabla ya wakati wake.

Labda utaniuliza: mbona wenye viwanda huongeza ukubwa wa injini kila mara na mambo yao yanawaendea vizuri? Ni kweli, na yafaa tuone wanavyofanya.

Corolla ya kwanza ilitoka mwaka 1966. Mwaka huo huo Nissan walikuwa wametangulia na Sunny yenye injini ya CC 988. Toyota walikuwa wamekusudia injini ya CC 1000, lakini wakaipandisha hadi CC 1077, wakawatangazia wanunuzi wa Japani kwamba gari lao lina ziada ya CC 100. Unaona kwamba biashara ya kuvutia watu kwa CC si ya mafundi wa mtaani peke yao. Injini hiyo ya kwanza, iliyoitwa K, ilikuwa na kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa milimita 61. Walipotaka kuikuza kuwa 3K, kipenyo walikiacha hapo hapo 75, wakaongeza mwendo hadi 66. Walipotaka 4K waliongeza mwendo tena hadi 73, na injini ikawa CC 1290. Kipenyo bado ni 75. Ilipofika 5K ndipo walipopanua silinda hadi milimita 80.5, wakapata CC 1486. Na upana huo hawakuupata kwa kuchonga bloki kuukuu. Waliisubu bloki yenye silinda za upana huo tangu mwanzo. Baadaye katika 7K waliacha upana wa 80.5, wakarefusha mwendo hadi 87.5, na injini ikafika CC 1781.

Hesabu hizo zinatufundisha kwamba ongezeko la maana katika injini ndogo hutoka kwenye mwendo kuliko kwenye kuchonga. Kutoka 3K hadi 4K ni CC 124, yaani mara nne ya kile unachopata kwa kuchonga milimita nzima, na ukuta wa silinda haukuguswa.

Sasa usitoke mbio kwenda Gerezani au Kirinyaga Road kutafuta kranki ya mwendo mrefu. Mwendo hutokana na kranki, na kranki haifanyi kazi peke yake. Ukirefusha mwendo kwa milimita 7, nusu yake, yaani milimita 3.5, huongezeka juu na nusu huongezeka chini. Bila kubadili kitu kingine, pistoni itapanda milimita 3.5 zaidi ya ilivyokuwa ikipanda, na itagonga silinda hedi mara ya kwanza utakapoizungusha. Kwa hiyo ni lazima pistoni iwe ile ambayo tundu la pini yake limekaa juu zaidi, au konrodi iwe fupi zaidi, au bloki yenyewe iwe ndefu zaidi. Ndiyo maana kranki, konrodi na pistoni vinatakiwa viwe vya ukoo mmoja, vilivyokusudiwa kukaa pamoja. Kuokota hiki hapa na kile pale kwa sababu vyote vimeandikwa Toyota ni kutafuta balaa.

Jambo la pili ni kushindilia. Injini hunyonya hewa na petroli, ikavishindilia katika chumba kidogo juu ya pistoni kabla plagi haijatoa cheche. Chukua silinda moja ya 3K, ambayo ni kama CC 292. Ikiwa chumba cha juu ni CC 36.5, uwiano wake wa kushindilia ni 9 kwa 1. Sasa weka mwendo wa milimita 73 na silinda hedi ile ile, hata kama pistoni inafika juu pale pale. Silinda sasa ni CC 322, chumba bado ni 36.5, na uwiano umekaribia 10 kwa 1. Petroli iliyokuwa ikiitosha injini ile huenda sasa isitoshe. Itaanza kugonga, ule mlio wa kokoto ndani ya debe unaousikia gari likipanda mlima. Mlio huo ni nyundo juu ya pistoni zako mpya. Ukiupuuza, pistoni zitatoboka au ringi zitavunjika, na fedha yote itakuwa imekwenda.

Jambo la tatu ni chakula na joto. Injini iliyokuzwa hunyonya hewa zaidi kupitia kabureta ile ile na valvu zile zile. Mchanganyiko wa petroli na hewa lazima upimwe upya, na taimingi nayo itazamwe. Petroli zaidi inayoungua ni joto zaidi, na joto hilo linakwenda kwenye rejeta ambayo labda imeziba nusu kwa kutu. Nimeona gari likichemsha juma la kwanza baada ya kutoka gereji, na mwenyewe akiwalaani waliochonga silinda, kumbe rejeta haikuwa imesafishwa tangu gari linunuliwe. Mwenye kukuza injini anapaswa kukuza uangalifu wake wa maji, klachi na breki kwa kiasi hicho hicho.

Wapo ndugu zetu wenye Volkswagen zile za mgongo wa kobe, nao watasema injini yao ni tofauti. Ni kweli. Injini yao hupozwa kwa upepo, na kila silinda ni pipa lake peke yake, linalochomolewa na kubadilishwa. Injini ya CC 1584 ina kipenyo cha milimita 85.5. Yapo mapipa ya milimita 87 yanayoingia pale pale bila kuchonga kiti chake, na injini ikawa CC 1641. Yapo pia ya milimita 88 yanayoingia hivyo hivyo, lakini kwa kuwa tundu la kukalia ni lile lile, unene wa ukuta wa pipa umepunguzwa, na mapipa hayo yanajulikana kwa kupinda yanapopata joto. Unaona sheria haibadiliki: nafasi ni ile ile, na unachokiongeza ndani unakipunguza ukutani.

Pengine wewe msikilizaji huna Corolla ya zamani wala Volkswagen. Una Vitz, IST au Probox yenye injini iitwayo 1NZ-FE. Basi jambo hili linakuhusu zaidi. Injini hiyo kipenyo chake ni milimita 75, kama 3K hasa, ila mwendo wake ni 84.7, ndiyo maana ina CC 1497. Mdogo wake, 2NZ-FE ya CC 1298, ana kipenyo hicho hicho na mwendo wa 73.5. Toyota bado wanacheza mchezo ule ule wa mwendo. Lakini bloki ya 1NZ-FE ni ya aluminiamu, na ndani yake zimo slivu nyembamba za chuma. Mtengenezaji mwenyewe ameonya kwamba silinda hizo zisichongwe, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba. Fundi aliyezoea bloki nene za chuma akikuambia tuchonge tu kama zile za zamani, mwombe asubiri. Katika injini ya namna hiyo silinda zikishakwisha, wengi hutafuta bloki nyingine au injini nzima iliyotumika, na hiyo nayo ipimwe kompresheni kabla hujalipa.

Tuseme sasa una bloki inayochongeka na umeamua kuitengeneza. Ufanye nini?

Kwanza, dai vipimo. Kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, na katika kila mahali ipimwe pande mbili, kwa mbele na kwa ubavu. Vipimo sita kwa silinda, viandikwe kwenye karatasi. Kidole si kipimo. Silinda iliyolika kuliko zote ndiyo itakayoamua saizi, na nyingine tatu ziifuate, maana hutaki pistoni za uzito tofauti katika injini moja. Chagua saizi ndogo kabisa inayoondoa uchakavu wote. Fundi akikuambia milimita moja wakati vipimo vinasema nusu, mwulize sababu. Jibu likiwa ni kwamba hizo ndizo pistoni zilizopo dukani, usione aibu kungoja.

Pili, nunua pistoni kabla ya kuchonga, uzipeke karakana pamoja na bloki. Silinda huchongwa kuifuata pistoni, wala si kinyume chake, kwa kuwa nafasi kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache tu za mia za milimita moja. Ikibana mno, pistoni itakwama ikipata joto. Ikilegea mno, itapiga kelele na kula oili. Mchongaji mzuri huacha kiasi kidogo kisichochongwa, akakimalizia kwa mawe ya kusugulia, na ukuta ukabaki na mistari myembamba inayokatizana. Mistari hiyo ni ya makusudi. Ndiyo inayoshika oili mpaka ringi zizoeane na silinda.

Tatu, bloki ioshwe. Wengi hupuuza hapa. Unga wa mawe ya kusugulia ukibaki katika vinyweleo vya chuma, utaila ringi mpya kama msasa. Petroli peke yake haiutoi. Maji ya moto, sabuni na brashi ndiyo dawa, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa kitoke cheupe, kisha ipakwe oili papo hapo isishike kutu. Ringi nazo zijaribiwe ndani ya silinda moja moja, ufa wa kila moja upimwe kwa kufuata kitabu cha injini hiyo.

Nne, usichanganye saizi ya silinda na saizi ya kranki. Kranki ikisuguliwa na kuwekewa beringi nene, hiyo ni tiba ya kranki tu. Haiongezi CC hata moja.

Tano, kama umebadili injini nzima au umeikuza kwa kranki nyingine, usinyamaze. Kadi ya gari Tanzania na logibuku ya Kenya huandika namba ya injini na ukubwa wake. Wafahamishe wanaohusika, TRA au NTSA, na kampuni yako ya bima. Siku ya ajali si siku nzuri ya kugunduliwa kwamba gari lililokatiwa bima silo lililogongana.

Nawaheshimu sana mafundi wetu. Wengi wamefufua injini ambazo nchi nyingine zingetupwa, na wamefanya hivyo kwa vifaa haba. Fundi hodari hatachukia ukimwomba karatasi ya vipimo. Atafurahi kupata mteja anayejua analolipia. Wa kuogopwa ni yule anayetaja saizi kabla hajapima.

Kwa hiyo akikuuliza, "Mzee, tuchonge saizi gani?", mjibu kwa upole: "Tupime kwanza, fundi, halafu tuchonge kidogo iwezekanavyo." Kama unataka gari lenye nguvu zaidi, tafuta injini iliyojengwa kubwa tangu kiwandani. Na kama unataka gari lako lidumu, waachie wanao chuma cha kuchonga mara nyingine.

Tuonane juma lijalo, majaliwa.